Krismasi na mbwa au paka ndani ya nyumba: vyakula vya kumuweka navyo mbali na cha kufanya akishakula

Nianze na kitu ambacho natamani kila mwenye mbwa au paka akijue kabla ya tarehe 25 kufika. Mnyama aliyekula sumu mara nyingi anaonekana mzima kabisa. Anacheza, anatingisha mkia, anakuja kuomba tena, na wewe unasema aah huyu hana shida, tumbo lake chuma. Mbwa wangu mwaka mmoja alikula kipande cha keki ya matunda usiku wa kuamkia Krismasi, kipande kama kiganja hivi, keki imejaa zabibu kavu, nikamwangalia saa nzima anakimbizana na watoto nikaamua kulala. Asubuhi akaanza kutapika, hataki kula, hataki kunyanyuka, na daktari alipopima damu figo zilikuwa zimeshaanza kuumia. Akakaa kwenye dripu siku tatu. Alipona, namshukuru Mungu, ila daktari aliniambia wazi kwamba ningempeleka ule usiku angetapishwa tu na pengine tungerudi nyumbani kulala.

Kwa hiyo katika yote nitakayoandika hapa hesabu muda kuanzia pale ALIPOKULA, sio pale alipoanza kuumwa. Dalili zikishatoka unakuwa umeshachelewa kidogo au sana, inategemea amekula nini.

Tuanze na chokoleti maana ndo iko kila kona sikukuu hizi. Ndani yake kuna kitu kinaitwa theobromini pamoja na kafeini kidogo, sisi binadamu mwili unavitoa haraka lakini kwa mbwa inachukua kama saa 17 hivi theobromini kupungua nusu, nusu tu, kwa hiyo inabaki inazunguka kwenye damu ikichokoza moyo na mishipa ya fahamu. Dalili zinatoka baada ya saa 6 mpaka 12: anakunywa maji mengi, anatapika, anaharisha, hatulii mahali pamoja, anahema, moyo unaenda mbio, ikizidi anatetemeka mpaka anapata degedege, na hali hiyo inaweza kumshika mpaka siku 3. Paka nao inawadhuru hivyohivyo, ila paka hawasikii ladha ya utamu kwa hiyo ni nadra kuifuata.

Sasa watu wanauliza, kiasi gani? Kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi na chungu ndivyo ilivyo hatari. Dalili za mwanzo zinaanza kwenye kama miligramu 20 za theobromini kwa kila kilo ya mbwa, na ikifika 60 kwa kilo ndo degedege hizo. Chukua mbwa mdogo wa kilo 5. Kwa chokoleti ya maziwa atahitaji kama gramu 50 ili aanze kuumwa, lakini kwa unga wa kakao, ule wa kupikia keki, vijiko viwili tu vya chai vinamfikisha hapohapo, na vijiko vitatu vya mezani vinampeleka kwenye degedege. Chokoleti nyeupe karibu haina theobromini kabisa ila ina mafuta mengi, na mafuta nayo ni kesi nyingine tutaifikia. Haya ni makadirio, sio ruhusa. Mbwa mzee au mwenye shida ya moyo anaweza kuumwa kwa kidogo kuliko hicho.

Na kitu kimoja watu wanasahau: zawadi zilizofungwa chini ya mti. Wewe unaona karatasi yenye utepe, mbwa ananusa chokoleti iliyomo ndani tangu siku ulipoiweka, na usiku mmelala ndo ataifungua. Kama hujui ndani kuna nini, iweke juu kabatini mpaka siku yenyewe.

Zabibu ndo zinaniuma mimi mwenyewe kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo. Zabibu mbichi, zabibu kavu, zile ndogo nyeusi za kwenye keki na biskuti, zote zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kipimo salama kinachojulikana. Mbwa mmoja anakula nyingi hadhuriki, mwingine anakula chache figo zinasimama, na hujui wako ni yupi mpaka imeshatokea. Kwa miaka mingi hata madaktari hawakujua kinachosababisha ni nini, mpaka mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama wa Marekani wakaeleza kwamba inaelekea ni asidi ya tartariki, ambayo kiwango chake kinabadilika kutokana na aina ya zabibu na ilivyoiva, na ndo maana matokeo yalikuwa hayaeleweki. Asidi hiyohiyo iko kwa wingi kwenye ukwaju, kwa hiyo mchuzi au sosi ya ukwaju nayo usimpe mbwa. Kuoka hakusaidii chochote, zabibu ndani ya keki ni zabibu vilevile, na zile kavu ni mbaya zaidi manake maji yameondoka kilichobaki kimekolea. Kutapika kunaweza kuanza ndani ya saa 6 mpaka 24, figo zinaharibika kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na ukiona amepunguza kukojoa au hakojoi kabisa hapo hali imeshakuwa mbaya sana. Keki ya matunda ya Krismasi nyingine inalowekwa na pombe pia, yaani sumu mbili kwenye kipande kimoja.

Vitunguu. Hapa wenye paka nisikilizeni vizuri. Kitunguu maji, kitunguu saumu, vitunguu vya majani, vyote ni ukoo mmoja na vyote vinavunja chembe nyekundu za damu. Paka ndo anaumia zaidi, gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo yake zinatosha kumletea shida, maana yake paka wa kilo 4 anahitaji gramu 20 tu, ambayo ni kama moja ya tano ya kitunguu cha wastani. Mbwa anavumilia zaidi, kuanzia gramu 15 hivi kwa kilo, ila kitunguu saumu ni kikali kuliko kitunguu maji mara kadhaa, na ile poda ya vitunguu iliyokaushwa imekolea sana. Kupika hakuondoi. Kwa hiyo ile tabia ya kummwagia mchuzi wa nyama kwenye chakula chake ili naye asherehekee, mchuzi uliopikwa na vitunguu na saumu na chumvi, hiyo hapana jamani. Hata kama hakuna kipande cha kitunguu unachokiona, kimeshayeyukia mle.

Ubaya wa vitunguu ni kwamba vinakuja taratibu, wakati mwingine siku 3 mpaka 5 baada ya kula, na wewe umeshasahau kabisa alikula nini. Unaona tu mnyama amechoka, fizi zimepauka, anahema haraka, mkojo umekuwa mwekundu au wa kahawia.

Kuna sukari mbadala inaitwa zailitoli, na kwenye lebo inaandikwa xylitol au E967, au wakati mwingine sukari ya mti wa betula. Inawekwa kwenye chingamu, pipi zisizo na sukari, dawa ya meno, baadhi ya siagi za karanga, na keki au biskuti ambazo mtu ametengeneza kwa ajili ya ndugu mwenye kisukari. Kwa binadamu haina tatizo. Kwa mbwa mwili unadhani ni sukari ya kweli, kongosho linamwaga insulini nyingi kwa mpigo, sukari ya damu inaporomoka, na hiyo inaweza kutokea ndani ya nusu saa mpaka saa moja. Anapepesuka kama mlevi, anatapika, analegea, anaanguka, degedege. Kiasi kikiwa kikubwa ini nalo linaharibika. Gramu 0.1 kwa kilo inatosha kushusha sukari, yaani mbwa wa kilo 5 ni nusu gramu, na chingamu moja inaweza kuwa na karibu gramu nzima. Kwa hiyo pakiti ya chingamu kwenye pochi ya mgeni aliyoiacha sakafuni ni kitu cha kuogopa kuliko chokoleti iliyo mezani, sisemi kwa kutia chumvi. Hii ndo ile ambayo hata dakika kumi za kujiuliza ni nyingi.

Mifupa sasa. Najua, mbwa na mfupa, ndivyo tulivyokua tunaona. Lakini mfupa uliopikwa unakuwa mkavu unapasuka vipande vyenye ncha, hasa wa kuku, bata na bata mzinga, na vile vipande vinakwama kooni, vinatoboa utumbo au vinajikusanya vinafunga njia ya choo. Mifupa ya mezani iende kwenye mfuko, mfuko ufungwe, mfuko utoke nje hapohapo. Sio baadaye tukimaliza kula. Hapohapo. Na ile kamba au wavu wa kufungia nyama ya kuoka, ile imelowa mafuta inanukia, mbwa anaimeza nzima.

Mafuta nayo: ngozi ya kuku, mafuta ya pembeni ya nyama, mafuta yaliyobaki kwenye trei ya kuokea, soseji. Mlo mmoja tu wenye mafuta mengi unaweza kuwasha kongosho la mbwa, na huo ugonjwa unauma kweli, anatapika mfululizo, tumbo linamkata, utamwona amekunja mgongo au ameinamisha kifua chini matako juu kama anasujudu. Wapo wanaokufa nao. Wengine wanalazwa siku kadhaa kwa sababu ya sahani moja ya ngozi za kuku aliyopewa kwa upendo.

Unga uliokandwa na hamira ukiuacha uumuke jikoni, ufunike na uweke mahali asipofika. Tumboni mle kuna joto, unaendelea kuumuka na tumbo linavimba, na hamira inatengeneza pombe inayoingia kwenye damu. Pombe yenyewe mnyama hana mwili wa kuihimili, glasi na chupa zenye kilichobaki msiziache sakafuni au kwenye viti. Karanga za makadamia zinamfanya mbwa alegee miguu ya nyuma, atetemeke na kupata homa ndani ya saa 12, kwa kawaida anarudi sawa baada ya siku moja au mbili ila atahitaji kuangaliwa, na kama zimepakwa chokoleti basi ni shida juu ya shida. Kahawa na majani ya chai ni kafeini. Kungumanga kwa wingi ni sumu. Chakula chenye ukungu kwenye takataka kinaweza kumletea mitetemo mikali ya mwili mzima, hivyo jaa la jikoni nalo lihesabu. Mapambo ya mti yaliyotengenezwa kwa unga na chumvi yanaonekana kama biskuti ila chumvi iliyomo inaweza kuua mbwa. Chokoleti na parachichi ni hatari pia kwa ndege wa kufugwa, parachichi linamuua kasuku kwa kushambulia moyo, na sungura naye asipewe vyote viwili, tena sungura hawezi kutapika kwa hiyo alichomeza kimemezwa.

Wenye paka kuna viwili ambavyo sio chakula ila lazima niviseme. Ua la yungiyungi (kwa Kiingereza lily), lile kubwa lenye harufu watu wanaloletea kama zawadi, ni sumu kali ya figo kwa paka: jani, petali, hata ile poda ya chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake, hata maji ya chombo cha maua. Usiliingize ndani ya nyumba yenye paka, basi. Na utepe, nyuzi, zile kamba za kumetameta za mti, paka anazimeza kama tambi na zinakata utumbo. Ukiona uzi unatokea mdomoni au nyuma usiuvute hata kidogo, mpeleke kwa daktari ukiwa hivyohivyo.

Haya, sasa jinsi ya kuipanga siku yenyewe, maana kujua sumu bila kupanga nyumba haisaidii. Wageni ndo njia kubwa. Wewe unajua, watoto wako wanajua, lakini mjomba hajui, na anampenda mbwa, na mbwa ameweka kichwa mapajani mwake anamwangalia na yale macho. Kumwambia mtu usimpe chochote haifanyi kazi, nimejaribu miaka mingi. Kinachofanya kazi ni kumpa mgeni kitu cha kumpa. Weka kibakuli karibu na mlango chenye vipande vidogo vya kuku wa kuchemsha bila ngozi, bila mfupa, bila chumvi, au karoti ya kuchemsha, au chakula chake cha kawaida, halafu waambie wakiingia tu kwamba akiomba mpeni hiki peke yake. Watu wanafurahi, watoto wanafurahi zaidi, na kibakuli kikiisha kimeisha. Kipimo cha jumla ni kwamba vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku, kwa hiyo punguza kidogo kwenye mlo wake.

Mlishe yeye kwanza kabla hamjakaa mezani. Wakati wa kupika na kula muweke chumba kingine na maji yake, kitanda chake na kitu cha kutafuna, wengine wanaona huruma lakini kwa kweli mbwa wengi wanapata ahueni kwa kuwa mbali na kelele. Mapochi na makoti ya wageni yaende chumbani mlango ufungwe, humo ndo kuna chingamu na vidonge vya dawa. Vidonge vya maumivu vya binadamu ni hatari, parasetamoli hata kimoja kinaweza kumuua paka, hivyo na wewe mwenyewe usije ukampa ukidhani unamtuliza. Meza isiachwe na chakula bila mtu, mbwa anayejua kusimama kwa miguu miwili anafika mbali kuliko unavyodhani. Jaa liwe na mfuniko wa kubana au likae ndani ya kabati.

Na wiki moja kabla piga simu kwa daktari wako wa mifugo muulize: mnafungua tarehe 24, 25 na 26? Kama hamfungui nimpeleke wapi usiku? Andika namba ubandike kwenye friji. Mpime na uzito, simama naye kwenye mizani halafu simama peke yako utoe, uiandike pembeni ya namba hiyo. Uzito ndo swali la kwanza utakaloulizwa na usiku wa manane mtu haukumbuki.

Akishakula, fanya hivi. Mtoe mbali na hicho chakula, funga wanyama wengine pembeni, kama kuna vipande mdomoni vitoe kama hakung'ati. Kusanya karatasi, boksi, kilichobaki, hata alichotapika piga picha. Angalia saa. Halafu piga simu papohapo, ukiwa na majibu ya mambo haya: amekula nini, kiasi gani kwa makadirio ya juu kabisa, saa ngapi, ana uzito gani, ana ugonjwa au dawa yoyote, na yukoje sasa hivi. Ukiwa hujui nani kati ya mbwa wawili alikula, hesabu kwamba kila mmoja alikula yote. Usisubiri usiku uishe. Kumtapisha kunafaa zaidi ndani ya kama saa mbili za mwanzo, baada ya hapo chakula kimeshateremka.

Usimtapishe mwenyewe bila daktari kukuelekeza. Maji ya chumvi yanaweza kumuua kuliko alichokula. Kidole kooni, mafuta ya kula, maziwa, mayai mabichi, vyote hivyo waachie waliokwambia. Wapo madaktari wanaoelekeza haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa mbwa, kwa kipimo cha uzito wake, na ni kwa mbwa tu, paka kamwe, inamchoma tumbo vibaya. Mbwa wa pua fupi, aliyelegea, anayetetemeka au aliyepoteza fahamu hatapishwi nyumbani, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Aliyemeza mfupa wenye ncha pia hatapishwi, atachanika koo wakati unarudi.

Ukimpeleka na akaruhusiwa kurudi, uliza ratiba ya kumrudisha kupimwa damu na uifuate hata kama anarukaruka. Kwa zabibu figo zinapimwa tena siku zinazofuata. Kwa zailitoli ini linaangaliwa. Kwa vitunguu wewe nyumbani mfunue mdomo kila asubuhi uangalie fizi kama bado zina rangi ya waridi, na mtoe nje wewe mwenyewe uone mkojo una rangi gani, maana kitunguu alichokula tarehe 25 kinaweza kujionyesha tarehe 29 au 30, wageni wameshaondoka na vyombo vimeshaoshwa.